Siku Nilipochagua Grupe ya Kuuzishia Vikapo

Leo nimepata haya ya kunitosha mwaka muzima. Niko nyuma ya jikoni, nimekaa juu ya ndoo, ninaandika na kidole moja, na kule mbele watu wangali wananicheka. Ninawaambia mimi mwenyewe mbele muisikie kwa wengine, juu hii hadithi najua itafika Walikale kesho asubuhi, na itafika imenenepa. Basi someni yote. Kucheka mungojee kwanza.

Munajua shirika yetu ya wamama wenye kusuka vikapo hapa Mweso, nyuma ya kanisa. Tuko saba, wote watu wa Buleusa na vijiji vya kandokando, wenye vita ilileta huku. Sita wetu tunasuka. Wa saba, bibi yetu Koko Sifa, yeye njo anajua kusuka. (Iko tofauti. Kikapo yangu ukiiweka chini inaegemea kama muntu aliyetoka kunywa pombe ya kasiksi. Ya Koko, mimina hata unga, hakuna kitu itamwangika.) Sisi hata kuanza kitako ya kikapo hatujui. Yeye anatuanzishia, sisi tunapandisha.

Na anafanya hiyo yote na kisu ya jikoni. Kisu ya kweli ya kupasulia kamba za pori, ile ya marehemu baba yake, iko kwa kaka yake Papa Bauma, katika kambi ya ng'ambo ya muto. Wakati wa kukimbia kila mumoja alisema kisu ni yake. Papa Bauma alikuwa na mbio zaidi. Sasa ni miaka ine hawasalimiane.

Shida yetu ni wanunuzi. Zamani gari zilipanda kutoka Goma, watu wanashuka, wanachagua, wanapakia. Sasa barabara leo inafunguka, kesho inafungwa, na hapa sokoni kila muntu ananunua beseni ya plastiki. Nyumba yetu ya kazi ilijaa vikapo makumi tatu na moja, vimetundikwa mpaka kwenye mulango. Ukiingia vinakuvua kitambaa ya kichwa.

Juzi Koko Sifa akafika kazini na jembe. Jembe mupya, na mpini mupya. Akaiegemeza kwenye ukuta, sisi wote tuione vizuri.

"Wanangu," akasema, "nimechoka kusuka mapambo ya ukuta. Kama siku ya posho inapita na hakuna hata kikapo moja imetoka humu, siku ya kwanza niko kwenye shamba ya watu."

Siku ya posho, Jumamosi, njo leo. Siku ya kwanza, Jumatatu, njo kesho kutwa.

Tangu ile safari ya kukimbia, mugongo ya Koko ikiinama inachelewa kurudi. Kulimia watu kutoka asubuhi mpaka saa nane itamumaliza. Yeye anajua, sisi tunajua. Na akienda, shirika imekwisha, juu kikapo bila kitako ni kofia tu.

Mama Riziki, mukubwa wa shirika, akazungusha macho kwa kila mumoja wetu. Yakasimama kwangu.

"Faida, wewe njo ulisoma. Na telefone uko nayo. Tafuta huko ndani mahali pa kuuzisha."

Hivyo njo nilipewa kazi. (Jina yangu ni Faida. Tangu nizaliwe, nyumbani bado wanaingojea.)

Sasa ndugu zangu, huko ndani hakuna mahali pamoja. Hiyo hakuna mwenye aliniambia. Nilifikiri ni sawa soko ya hapa, unaingia, unatandika, unapiga kelele. Kumbe kila soko ina mulango yake na kila mulango ina maulizo yake.

Nilianza na soko moja kubwa ya wazungu, ya vitu vya mikono vya dunia nzima. Foto zilikuwa nzuri. Nikaona kikapo moja mubaya kuliko yangu mimi, na watu wameisifu sana. Nikapata moyo. Nikajiandikisha. Ikaniuliza avenue na numero ya nyumba. Nikaandika: nyuma ya kanisa, muti wa avoka, ulizia Mama Faida. Ikakataa. Ikaniuliza kode ya posta. Hapo nikaenda kwa Papa Kambale.

Papa Kambale ni muchuuzi wa Butembo, ana butiki hapa kwenye kona. Ana plake za jua juu ya bati, na sisi wote tunashariji telefone kwake. Ni muntu wa misa na muntu wa biashara, na hachelewake hata kwa moja.

"Papa Kambale, kode ya posta ya Mweso ni ngapi?"

Akaacha kupima sukari. "Posta gani?"

"Ya hapa."

"Mama Faida, hapa barua inakuya na muntu wa pikipiki. Andika numero ya pikipiki."

Niliandika numero ya pikipiki. (Ndiyo. Niliandika.) Ikakataa, kisha ikataka karte ya banki. Nikaifunga mbele iniulize jina ya nyanya yangu.

Nikaenda kwenye ile ingine, ya buluu, yenye kila muntu iko ndani. Nikafungua ukurasa wa shirika. Jana asubuhi nikaona muntu mumoja ameupenda. Nilifurahi mpaka nikaona ni mimi. Saa sita akaja wa pili, baba mumoja wa sijui wapi, akaniuliza kama niliolewa. Nikamujibu kikapo ziko za ukubwa tatu. Hakurudi.

Jana saa nane nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti ya Papa Kambale, nimeshika kichwa na mikono miwili. Akanihurumia.

"Mama, sikiliza. Usitandike mahali panapendeza. Tandika mahali watu wamejaa. Na mbele utandike, angalia kwanza wanakimbilia kitu gani."

Maneno ya muntu wa Butembo juu ya biashara hayatupwe chini. Nikafungua ile aplikasio ya kijani, yenye ma-grupe. Nikaangalia niko mu grupe gani. Ya korali: watu kumi na moja, wote masikini kunipita. Ya wazazi wa masomo: pale watu wanagombana tu. Na ya tatu, ya wana wa Buleusa, yenye binamu yangu alinitia ndani juma hii. Watu mia ine na zaidi! Wako Goma, wako Mubambiro, wako Walikale, na wengi sana wako hapahapa Mweso, katika makambi na nyumba za kupangisha. Kijiji muzima, ndani ya telefone.

Nikaangalia wanakimbilia kitu gani, sawa nilivyoambiwa. Muntu mumoja alitia foto ya mbuzi ya kuuzisha. Hakuna jibu. Mwingine alitia viazi. Jibu moja: "Iko bei gani?" Kisha kimya. Lakini kila wakati muntu alitia foto ya muntu, na audio chini yake, majibu yanamwangika sawa mvua. Makumi sita. Makumi nane. Sura zenye machozi, mikono ya kuomba, "Tuko pamoja", "Tunakuya". Muzee mumoja wa koti alipata majibu makumi tisa, na hata hacheke kwenye foto.

Ma-audio sikufungua. Munajua bei ya mega. Audio ya dakika mbili inakula mega ya siku mbili. Mimi nilihesabu tu majibu. (Ningefungua hata moja, leo ningekula mbele za watu sawa wengine.)

Nikafikiri sana, na nikaelewa. Watu wa Buleusa hawataki kuona kitu, wanataka kuona muntu. Mbuzi haina jina, muzee wa koti ana jina. Basi mimi nitatia Koko Sifa, na audio chini, sawa wengine. Nikajiona kweli nilisoma.

Jioni tukapiga foto. Koko akavaa kitenge ya Pasaka. Kucheka hachekake mbele ya foto, anasema meno yake si ya kila muntu. Mama Riziki akaona ukuta nyuma ni muchafu, akatundika shuka yake nyeupe. Akakimbia tena kwake, akaleta maua yake mbili ya plastiki, akaweka moja huku, moja huku. Koko akafunga mikono kwenye kifua. Kikapo ilikuwa chini karibu na miguu. Foto ikaikata. Niliona, nikasema si kitu, watauliza.

Leo asubuhi saa kumi na mbili nikapanda kilima, juu chini huku rezo ya telefone inakuya wakati inapenda. Nikatuma foto. Chini nikaandika: "Mama Sifa wa Buleusa. Mweso, nyuma ya kanisa. Karibuni wote." Kisha audio. Nikaongea na sauti ya heshima, ile ya kusoma masomo kanisani. Lakini nilikuwa nimepanda kilima muzima, pumzi inakatika, sauti inatetemeka. Sikurudilia, juu batri ilikuwa inaniangalia na jicho nyekundu.

Sikumaliza kukaa chini, majibu yakaanza. Nane. Ishirini na tatu. Makumi ine! Machozi, machozi, mikono ya kuomba. "Yoo, Mama Sifa." "Tunakuya leo hii." Dada mumoja wa Mubambiro akaandika, "Mimi niko mbali, lakini nitatuma kitu." Nikasema, Mungu wangu, huyu analipa hata mbele ya kuuliza bei.

Telefone ikazima. Nilishuka kilima mbio, viatu mukononi.

"Wanunuzi wanakuya," nikawaambia wamama. "Leo. Na ni wengi."

Mama Riziki akasimama. "Wanataka vikapo ngapi?"

"Hawakusema."

"Wanalipa namna gani?"

"Hawakuuliza bei."

Akanikaribia. "Muntu mwenye hauliza bei, ni muntu wa namna gani?"

"Wa Buleusa," nikamujibu, na nikapeleka telefone kwa Papa Kambale kuishariji.

Tukatengeneza. Wageni wengi namna ile hawawezi kukaa kwenye jua, basi tukaomba kanisani ile bashi, turubai ya buluu, tukaifunga juu ya kiwanja. Tukaomba na mabenchi. Tukatandika mikeka upande wa wanawake. Tukawasha moto kule inje, tukapandisha sufuria kubwa, juu mugeni hauwezi kumuuzishia kikapo na njaa. Vikapo Mama Riziki alikataza kuvitoa: mugeni anasalimiwa kwanza, biashara inafuata. Na Koko tukamwambia, "Ingia ulale kidogo, wakifika utoke uko na nguvu." Koko akalala kwenye kitanda ndani ya nyumba ya kazi, na kitenge yake ya Pasaka, akajifunika ile shuka nyeupe. Sisi tukakaa kwenye mikeka, kimya, tunaangalia njia.

(Ninyi munaosoma munaona kile mimi sikuona. Aksanti. Endeleeni.)

Saa ine wakafika wa kwanza, wamama wawili. Walipoona bashi na mikeka, mumoja akatia mikono kichwani, akalia kwa sauti, "Yooo." Nikasema, amechoka na njia. Nikamukimbilia na meno yote inje.

"Karibuni, mama. Karibuni na furaha."

Akaniangalia vibaya sana. Kisha akauliza chini-chini, "Mama Sifa iko wapi?"

"Iko ndani, amelala. Mutamuona. Kwanza mukae."

"Ilikuwa gafula?"

"Hapana," nikasema, "tulijipanga tangu juzi."

Mama yule akarudi nyuma hatua moja. Akaenda kukaa mbali na mimi.

Wakaja wengine. Watano, kumi, sikuweza kuhesabu tena. Kila mumoja ana sashe ya plastiki mukononi: maharagi, unga wa muhogo, ndizi. Mumoja alileta kuku amefungwa miguu. Waliweka vitu chini karibu na sufuria, wakakaa, wakaanza kuimba pole-pole. Mimi kichwa ilianza kuzunguka. Nimekaa sokoni miaka mingi, mununuzi mwenye kuleta chakula yake bado sijamuona.

"Faida," Mama Riziki akaniita na jicho moja. "Hii ni nini?"

"Labda wanataka tubadilishane vitu."

"Na kuimba?"

"Labda wana furaha."

Kisha wakaja wababa sita, wana majembe kwenye bega. Mukubwa wao akanikaribia na heshima, kofia mukononi.

"Dada, tutachimba wapi?"

"Kuchimba nini, papa?"

Akanitazama, machozi yakamujaa. Akanigusa bega. "Jikaze, dada. Sisi wote tutapita njia ile."

Sikujua njia gani. Nikasema ndiyo, aksanti. Mama Riziki alikuwa sasa amesimama kabisa, mikono kwenye kiuno, na macho yake yalikuwa yameacha wageni, yananiangalia mimi tu.

"Wanunuzi na majembe, Faida?"

"Labda wametoka shambani."

"Na katekista na kitabu yake?"

Nilitazama. Kweli, katekista alikuwa anaingia, na kitabu. Na nyuma yake Papa Kambale, na koti nyeusi kwenye jua lile lote, telefone yangu mukononi na mufuko wa sukari kwenye bega.

"Mama Faida," akasema, sauti nzito, "tangu asubuhi watu wanapita kuniuliza njia ya huku. Nimefunga butiki. Mimi ninafungaka tu siku ya Pasaka."

"Aksanti sana, Papa. Na wewe unachukua ngapi?"

Akaweka sukari chini karibu na sufuria. Nilianza kuogopa, na sikujua ninaogopa kitu gani.

Hapo njo Papa Bauma akafika. Ninyi mwenye kumujua munajua ni muzee wa kujivuna, hata salamu anaipima. Leo alikuja bila kofia, kitu kimefungwa kwenye kitambaa chini ya mukono. Watu wakamupisha. Akaenda mpaka kwenye mulango ya Koko, akapiga magoti chini, akalia. Alilia mpaka mimi pia nikalia, na bado sijui juu ya nini.

"Sifa, dada yangu," akasema. "Kisu ilikuwa yako. Baba alikupa wewe, mimi nilisikia na masikio yangu mawili. Nilikupenda siku zote, na kiburi ikanishika mukono. Nimeileta nikuwekee mukononi, uende nayo."

Kiwanja yote ikanyamaza. Hata kuku.

Kutoka ndani ya nyumba tukasikia, "Leta."

Ndugu zangu, sijaona watu kukimbia vile tangu tutoke Buleusa. Mabenchi yalianguka. Katekista aliruka moto na sufuria pamoja. Wababa wa majembe walikuwa tayari kwenye muti wa avoka, wawili walikuwa juu yake. Papa Bauma peke yake hakukimbia, juu magoti yalikataa kusimama. Na Koko Sifa akatokea kwenye mulango, kitenge ya Pasaka, shuka nyeupe kwenye mabega. Akachukua kitambaa kwenye mikono ya kaka yake. Akafungua. Akapitisha kidole kwenye makali ya kisu.

"Bauma," akasema, "ulikuwa unakata nini na hii, mawe?"

Kisha njo akainua macho. Akaona bashi. Akaona mikeka, sufuria, katekista. Koko ni muzee, matanga amekaa nyingi, hakuna wa kumufundisha.

"Nani amekufa?"

Katekista akafunga kitabu yake.

"Watu wote hawa, na hakuna mwenye anajua?"

Yule mama wa kwanza njo alijibu, amejificha nyuma ya nguzo. "Ni wewe, mama. Tuliona foto."

"Nani aliituma?"

Papa Kambale ni muntu wa kweli, kudanganya hawezi. "Telefone ya Mama Faida niko nayo hapa," akasema. "Imejaa." Na akafungua audio, mbele ya wote, sauti imepandishwa mpaka mwisho.

Nikajisikia. "Ndugu zetu wa Buleusa," ninapumua sawa muntu mwenye kulia, "huyu njo mama yetu Sifa. Mikono yake ilifanya kazi miaka mingi bila kupumzika. Leo tunawaita mukuye mumuone. Na tafazali, muntu asikuye mikono mitupu." Neno kikapo haikutoka. Niliingojea mpaka mwisho, sawa muntu anayengojea gari kwenye barabara iliyofungwa.

"Mulisikiliza hii audio?" Mama Riziki akawauliza watu.

"Mama, mega," wakajibu, karibu wote pamoja.

Yule baba mukubwa wa majembe akashuka kwenye muti, akanieleza bila hasira. "Dada, sisi vita ilitutawanya. Kwenye ile grupe, foto ya muntu na audio chini yake, ni mwenye alituacha. Mwenye iko muzima anaandika mwenyewe."

Nikakumbuka muzee wa koti. Majibu makumi tisa. Nilitamani udongo ifunguke nizame ndani yake, na wenye majembe walikuwa pale tayari.

Hapo nikalia ya kweli. Nikapiga magoti karibu na Papa Bauma, juu nafasi ilikuwepo. "Koko, unisamehe. Nilitaka tu muntu moja anunue kikapo. Nilichagua mahali watu wamejaa. Siku ya kwanza unaenda kulimia watu na ule mugongo, na mimi njo wamama walinituma, na sikujua tena mahali pa kwenda."

Watu wakageuka wakaangalia lile jembe mupya kwenye ukuta. Koko akanikaribia. Nilifikiri atanipiga, na ningeshukuru. Lakini macho yake yalikuwa yameshuka chini, kwenye zile sashe karibu na sufuria.

"Wewe," akamwambia yule mama wa nyuma ya nguzo. "Maharagi ya matanga yangu, umeileta kwenye plastiki?"

"Mama, vikapo tuliviacha Buleusa."

"Mama yako ninamujua. Siku ya kumuzika, vikapo vya chakula vilipangwa kutoka kwenye mulango mpaka kwenye njia, na kila moja ilitoka kwenye hii mikono. Mimi munaniletea plastiki." Akanigeukia. "Simama, Faida. Lete vikapo."

"Ngapi, Koko?"

"Unaona watu wangapi?"

Munajua mila: chakula iliyotoka nyumbani kwa matanga hairudi nyumbani. Katekista mwenyewe alikubali hairudi, hata kama mwenye kufa amekataa kufa. Basi Koko akakaa kwenye benchi, na mumoja-mumoja wakapita mbele yake. Unamwanga maharagi kwetu, unaondoka na kikapo. Unamwanga unga, unaondoka na kikapo. Na aliwachagulia yeye, kila muntu na ukubwa yake, hakuna mwenye alibishana na muntu aliyefufuka. Mama wa kuku alichukua ile yangu yenye kuegemea. Alisema kuku haangaliake.

Wale wababa sita walibaki wamesimama, mikono mitupu, na majembe.

"Ninyi mulikuya kuchimba?" Koko akawauliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi chimbeni." Akawaonyesha kiwanja ya nyuma ya nyumba, yenye majani tangu tufike hapa. Lile jembe mupya akampa Papa Bauma. "Na wewe fuata. Kiburi inatoka na jasho."

Sasa hivi ninapoandika, kiwanja yote imegeuzwa, tayari kwa maharagi. Vikapo zimebaki mbili, juu dada wa Mubambiro, nilipomuandikia kwamba mama iko muzima, alijibu kile alisema atatuma, atakituma tu, basi tumuwekee mbili mpaka barabara ifunguke. Na Papa Bauma amemaliza kulima. Wamekaa na dada yake kwenye mukeka moja, anashika kamba, Koko anapasua na kisu ya baba, wanabishana juu ya kila kamba. Ameanza vitako saba, kimoja kwa kila mumoja wetu. Siku ya kwanza haendi mahali popote.

Mimi? Mimi wamenipa jina. Ninaitwa Mama Communiqué, sawa ile tangazo ya vifo ya redio, na watoto wameshaijua. Papa Kambale amesema nilichagua vizuri, ila nilikosa tu kuuzisha. Na Koko amesema mwezi ujao vikapo zikijaa tena tutie foto ingine, ya Mama Riziki. Tangu asikie hiyo, Mama Riziki akiniona na telefone anajifunika uso.

Basi mwenye anataka kikapo aniandikie. Na mwenye anataka kunicheka, naye aandike. Musinitumie audio, mega bado ni ileile.